Watafuta Hazina wa Lewisham: Ukoo, Umaskini na Sauti ya Msimulizi katika Riwaya ya E. Nesbit

0. Utangulizi

Mwaka 1899 mwandishi Mwingereza Edith Nesbit, ajulikanaye zaidi kwa jina la E. Nesbit, alichapisha mjini London riwaya ya watoto iitwayo The Story of the Treasure Seekers, yaani Hadithi ya Watafuta Hazina. Ni habari za ndugu sita wa nyumba ya Bastable ambao, baada ya baba yao kupoteza mali, wanaazimia kuirudisha hali njema ya jamaa yao kwa akili zao wenyewe. Nesbit aliwarudia watoto hao katika vitabu vingine viwili, mwaka 1901 na mwaka 1904.

Pengine msomaji atauliza: jarida la masomo ya Kiswahili lina haja gani na watoto wa Lewisham? Tuna majibu mawili. Kwanza, katika zama za ukoloni wasomaji wa Kiswahili waliletewa hazina za namna nyingine: Kisiwa chenye Hazina, tafsiri ya riwaya ya R. L. Stevenson, na Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya riwaya ya H. Rider Haggard. Humo hazina iko mbali, katika visiwa au milima isiyo ya hao wanaoitafuta, nayo huendewa kwa silaha. Nesbit aliigeuza njia hiyo: watoto wake wanaanza kuchimba bustanini kwao. Pili, mtoto anayetaka kuisaidia jamaa iliyolemewa si mgeni kwetu huku Katanga. Ni vema kuchunguza fasihi inasema nini juu yake, na inanyamaza wapi.

Anayeisoma riwaya hii kwa haraka huona mfululizo wa vituko visivyofaulu, kisha, penye kurasa za mwisho, mjomba tajiri anatokea na kuyamaliza yote. Akiishia hapo atasema kwamba mwandishi alichoka, akaiachia bahati kazi yake. Sisi tunadai kwamba mwisho huo umetayarishwa tangu sura za kwanza. Ndoto za watoto haziwaletei fedha; zinawafundisha kumwona mtu. Jambo hilo latambulikana vizuri zaidi anapojaribu mtu kuihamishia riwaya hiyo katika Kiswahili, kwa kuwa lugha yetu inamlazimisha mfasiri kusema wazi mambo ambayo Kiingereza kinaweza kuyaficha.

1. Nyumba iliyopungukiwa

Mama wa watoto amefariki. Baba aliugua, na wakati wa ugonjwa wake mshiriki wake wa biashara alikimbilia Hispania. Vyombo vya fedha vilipelekwa dukani eti kwenda kunyooshwa, wala havikurudi. Watumishi wakaondoka mmoja mmoja, akabaki Eliza. Watoto hawaendi shuleni tena. Baba amewaambia kwamba likizo itawafaa. Wao wamekwisha kufahamu kwamba karo haipo, na wangependa awaambie kweli. Katika habari hizo hakuna kilio hata kimoja. Umaskini unaonekana kwa vitu: kijiko kisichorudi, nyama ngumu mezani, zulia lenye matundu. Hiyo ni sanaa ya kumheshimu msomaji mdogo, na baadhi ya waandishi wetu wa vitabu vya watoto, wapendao kuhubiri, wangeweza kujifunza hapo.

Nesbit aliyajua aliyoyaandika. Alizaliwa mwaka 1858, akafiwa na baba angali mdogo sana. Mwaka 1880 aliolewa na Hubert Bland. Biashara ya mume huyo ilianguka mapema, na mke akailisha nyumba kwa kalamu yake, akiandika hadithi na mashairi na kupamba kadi za salamu. Mwaka 1884 wote wawili walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Fabian Society, chama cha wasoshalisti wa Uingereza. Kwa hiyo maandishi kuuzwa ili chakula kipatikane, jambo ambalo katika riwaya ni mchezo wa watoto, katika maisha ya mwandishi lilikuwa kazi ya kila juma.

2. Hesabu ya hazina

Ndugu hao sita, kwa kufuata umri, ni Dora, Oswald, Dicky, pacha Alice na Noël, na kitinda mimba Horace Octavius, aitwaye H. O. Wanafanya baraza, kila mmoja anatoa shauri lake, na kila shauri limetoka kitabuni au gazetini. Tufanye hesabu ya baadhi ya mashauri hayo.

Wanachimba bustanini: udongo unabomoka na kumfunika Albert, mtoto wa jirani, sarafu mbili zinazoonekana baadaye zimetiwa pale kwa siri na mjomba wa Albert. Wanapeleka mashairi ya Noël kwa mhariri wa gazeti: mhariri anacheka moyoni na kutoa gini moja, yaani shilingi 21. Wanamteka Albert kama wafanyavyo maharamia na kudai pauni 3,000: mjomba wake anamkomboa kwa peni nane. Wanatumia kijiti cha kupigia ramli: nusu pauni ya dhahabu inapatikana katika ufa wa sakafu. Wanajaribu kuuza mvinyo kwa kamisheni, na Alice anautia sukari ili upendeze, mnunuzi hapatikani.

Ukijumlisha yote hayo hulipi hata deni moja la baba yao. Lakini tazama fedha zilitoka wapi. Sehemu kubwa ilitolewa na watu wazima waliousoma mchezo wa watoto, wakaujibu kwa lugha ya mchezo ule ule. Mjomba wa Albert ndiye wa kwanza wao, na si bure kwamba yeye mwenyewe ni mtunga vitabu. Hatoi sadaka, anaweka sarafu chini ya udongo, kwa maana watoto hawakuomba, walichimba. Huo ndio adabu ya kusaidia bila kumvunjia mtu heshima.

Katika sura nyingine, hata hivyo, mchezo unakutana na mtu asiyekuwa tayari kuchezewa. Watoto wanajifanya wapelelezi, wanaichungulia usiku nyumba ya jirani iliyodhaniwa kuwa tupu, wakitumaini kukamata wezi. Ndani wamo wasichana wawili wa nyumba hiyo, waliobaki kwa siri kwa ajili ya gharama, huku watu wakidhani kwamba wote wamekwenda pwani. Yaani wapelelezi wamegundua umaskini uliofichwa kwa aibu, sawa na ule wa kwao. Pengine wanamwachilia mbwa amrukie mzee mmoja ili wajitokeze kumwokoa na kupewa zawadi. Mzee anatambua hila, na badala ya kuwashtaki anawafunza maana ya heshima ya mtu. Katika kila tukio la namna hiyo watoto waliingia wakitafuta kitu, wakatoka wamemkuta mtu. Hiyo ndiyo njia ya riwaya nzima, nayo ndiyo itakayotufikisha kwenye meza ya mjomba.

3. Nani anayesimulia?

Mwanzoni kabisa msimulizi anatangaza kwamba yeye ni mmoja wa wale sita, ila hatasema ni nani. Baada ya kurasa chache siri imekwisha kutoka: Oswald anasifiwa mno, ushujaa wake hausahauliwi, na mara kwa mara jina lake linateleza na kuwa "mimi". Mchezo huu si mapambo. Mtoto anayeficha nafsi yake katika masimulizi ni yule yule ambaye nyumbani anajizuia kulia. Akisema "Oswald" anajitazama kama shujaa wa kitabu. Akiteleza na kusema "mimi", amerudi kuwa mtoto asiye na mama.

Mfasiri wa Kiswahili atafanyaje? Katika Kiingereza nafsi hukaa katika neno la pekee. Katika Kiswahili nafsi imo ndani ya kitenzi, na masimulizi hutiririka kwa kiambishi -ka-. Tuchukue mfano tuliojitungia: "Oswald alisimama mlangoni, akatazama kitanda, nikanyamaza." Jina halikubadilishwa, wala kiwakilishi hakikuongezwa, irabu a- ya mnyororo imekuwa ni-, basi. Jicho la mwenye haraka litalipita, bali sikio la mtoto anayesomewa litashtuka. Kwa hiyo lugha yetu inaweza kuufanya mtelezo huo kuwa mwembamba kuliko ulivyo katika maandishi ya asili. Mfasiri asiyefahamu dhima ya kosa hilo atalisahihisha, na kwa kulisahihisha atakuwa amemwua msimulizi.

Shida ya pili ni majina ya ukoo. Msimulizi wa Kiingereza anaweza kutaja ndugu wa kiume au wa kike bila kuonyesha nani alitangulia kuzaliwa. Kwetu, kusema "mkubwa wangu" au "mdogo wangu" ni kujiweka mahali pake katika safu. Msimulizi akimwita Dora mkubwa na Dicky mdogo, siri imekufa katika ukurasa wa kwanza, kwa kuwa ni Oswald peke yake aliye kati yao. Hapo neno "ndugu" ndilo kimbilio: halisemi umri wala jinsia. Litumike mwanzoni, kisha liachwe polepole kadiri Oswald anavyojisahau.

Tena kuna jambo ambalo Kiswahili cha Lubumbashi kinaliweza kuliko Kiswahili cha pwani. Sisi humwita ndugu mkubwa "yaya". Pwani, yaya ni mwanamke anayelea watoto wa wengine. Sasa Dora ni nani? Ni mkubwa wao wa kike, anayewachosha wadogo zake kwa maonyo, hata Oswald anamchukia kidogo. Kisha siku moja, kwa machozi, anafichua kwamba mama yao aliyekuwa akifa alimkabidhi wadogo zake awatunze. Tangu hapo Oswald hawezi tena kumdhihaki. Katika neno moja, yaya, maana ya bara na maana ya pwani zinakutana, nazo zote mbili ni Dora. Sidhani kama kuna neno la Kiingereza liwezalo kufanya kazi hiyo.

Mwisho, Oswald ana namna mbili za kusema: lugha ya vitabu anapojivuna, na lugha ya nyumbani anapojisahau. Mwanafunzi yeyote wa mji huu anazijua namna mbili hizo. Kiswahili bora ni cha kuandikia, cha kanisani na cha kujionyesha. Kile cha "batoto" na "alisemaka" ni cha mezani kwa mama. Kwa kawaida wafasiri hukitupa hicho cha pili kwa kukiona ni kibovu. Katika riwaya hii kukitupa ni kumpokonya Oswald nusu ya moyo wake. Tunashauri masimulizi yawe katika Kiswahili bora, na lugha ya nyumbani ipenye katika mazungumzo ya ndugu wenyewe kwa wenyewe, hasa wanapoogopa.

4. Mgeni njoo, mwenyeji apone

Sasa tuje kwenye mwisho unaolaumiwa. Mjomba mmoja aliyeishi Bara Hindi anakuja kula na baba yao, kwa mambo ya fedha. Chakula ni kibaya. Watoto wanasikia vipande vya mazungumzo na kuamini kwamba mgeni ni maskini. Alice anamwalika aje tena kesho yake ale pamoja na watoto. Wanamwandalia sungura, na keki ya kuchemsha ambayo wanaiwinda juu ya meza kana kwamba ni nguruwe mwitu, naye mzee anaiwinda pamoja nao. Wakati wa kuagana wanampa sarafu chache walizo nazo, wakimsihi azipokee. Si maskini hata kidogo. Baada ya muda anarudi na gari lililojaa zawadi, anaingiza mtaji katika biashara ya baba, na jamaa yote inahamia katika nyumba yake kubwa ya Blackheath.

Je, ni bahati? Mjomba alikuja mara ya kwanza kama mwenye fedha mbele ya mwenye haja, na mara ile hatukuona wokovu wowote. Alifunguka mara ya pili, alipoketishwa kama mwenye haja mbele ya wenye kutoa. Kwa sura kumi na nne watoto walikuwa wakitafuta mtu wa kuwapa. Siku walipomtafuta mtu wa kumpa, hazina ikaja. Nao wasingeweza kumkaribisha hivyo kama hawakuwa wamekwisha kujifunza, kwa wale wasichana waliojificha na kwa mzee wa mbwa, kwamba nyuma ya kila mchezo kuna mtu mwenye siri yake. Wahenga wetu wamesema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nesbit hakuijua methali hiyo, lakini sura yake ya mwisho ni ufafanuzi wake.

Hapa tena Kiswahili kinadai uamuzi. Neno la Kiingereza kwa mzee huyu lamfaa ndugu wa baba na ndugu wa mama pia. Sisi lazima tuchague: baba mdogo, baba mkubwa au mjomba. Tumeandika "mjomba" kwa kusudi, huku tukijua gharama yake. Miongoni mwa watu wa Katanga wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, kama Wabemba na Walamba, mjomba ana mamlaka na wajibu juu ya watoto wa dada yake. Msomaji wa huko hatashangaa kwamba mjomba ametoa mali. Atashangaa kwamba alichelewa hivyo. Kilichokuwa neema kwa msomaji wa London kitakuwa deni kwa msomaji wa Kipushi. Hatuoni kuwa ni hasara. Kinyume chake, swali linaloulizwa na msomaji huyo, "alikuwa wapi miaka yote hiyo?", ni swali la haki ambalo riwaya hailijibu.

Alikuwa Bara Hindi, iliyokuwa wakati huo chini ya utawala wa Kiingereza. Hapo panapatikana kejeli ambayo pengine mwandishi hakuikusudia. Tulisema kwamba watoto wa Nesbit waliiacha njia ya Stevenson na Haggard, wakachimba kwao. Lakini katika udongo wa kwao hamkuwa na kitu, ila sarafu zilizotiwa na jirani mwema. Hazina ya kweli iliyoinua nyumba yao ilitoka ng'ambo, mikononi mwa mtu aliyerudi kutoka koloni. Riwaya haiulizi iliwatoka akina nani. Sisi, watu wa nchi iliyochimbwa ili nyumba za mbali ziinuliwe, tuna sababu ya kuuliza.

5. Pale ambapo hatuwezi kucheka

Mambo mawili yanastahili kusemwa bila kuficha. La kwanza ni sura ya mkopeshaji fedha Rosenbaum. Watoto wamesoma tangazo lake gazetini na kumdhania mfadhili mkarimu, na kichekesho kinatokana na kosa hilo. Lakini mwandishi amemchora kwa rangi za chuki dhidi ya Wayahudi zilizokuwa za kawaida katika magazeti ya wakati wake. Mwalimu anayeifundisha sura hiyo asiipite kimya.

La pili linatuhusu zaidi. Katika sura ya kuchimba, udongo unamwangukia Albert, naye analia huku amefukiwa hadi kiwiliwili. Kwa msomaji wa Kiingereza ni kituko, kwa kuwa anajua mjomba yu karibu na koleo. Huku kwetu, kutoka Likasi hadi Kolwezi, mtoto anayeingia shimoni ili nyumba ipate unga hachezi. Ripoti ya Amnesty International ya mwaka 2016 ilieleza habari za watoto wanaokusanya na kubeba mawe yenye kobalti katika machimbo ya watu wadogo. Shimo la huko likibomoka halimpi mtu sarafu mbili. Vivyo hivyo Oswald anapouza maua mara moja karibu na stesheni ili alipe deni la heshima, anajiona ametenda tendo kuu. Nasi tunawajua watoto wanaouza mandazi na maji kila siku, wala hakuna anayewaandikia sura.

Je, hilo laifanya riwaya kuwa mchezo wa watoto wa tabaka fulani, usiotufaa? Kwa sehemu, ndiyo. Akina Bastable wana paa, wana Eliza, wana rafu ya vitabu. Umaskini wao ni wa kupungukiwa, si wa njaa. Mawazo yao yana nafasi ya kuruka kwa sababu miguu yao imesimama mahali. Lakini neno hilo hilo linaweza kugeuzwa kuwa shtaka zuri. Riwaya yaonyesha ni vitu gani vinavyomwezesha mtoto kuwa na ndoto: kusomewa, kuwa na ndugu wa kushauriana nao, na kuwa na mtu mzima mmoja ambaye, mchezo unapokuwa hatari, hufika na koleo. Anayesifu ujanja wa watoto wetu wa mitaani bila kuuliza koleo liko wapi, hasifu ndoto; anaukwepa wajibu wake.

6. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba katika The Story of the Treasure Seekers hazina haitokei kwa bahati mwishoni, bali inatayarishwa na masomo madogo ambayo kila mchezo ulioshindwa unawaachia watoto. Tumeonyesha pia kwamba Kiswahili, kwa viambishi vyake vya nafsi na kwa majina yake ya ukoo, kinaweza kufichua na hata kutajirisha kile ambacho maandishi ya asili yanakigusa tu.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, riwaya hii itumiwe katika mazoezi ya tafsiri ya wanafunzi wa lisansi, hasa kwa ajili ya mtelezo wa ni- na a-, ambao utawafundisha usarufi na usimulizi kwa pamoja. Pili, anayeifasiri kwa watoto asiifute sura ya Albert aliyefukiwa, wala asiipunguze. Aiache kama ilivyo, na wasomaji wetu wadogo wanyamaze pale ambapo watoto wa London walicheka. Kutoka katika unyamavu huo huenda mmoja wao akaanza kuandika hadithi yake, yenye ndugu sita, nyumba moja na shimo moja, iliyo ya hapa.